Mashine ya Mzee Bujiku

Jumatatu ile Wiliam Maige alifungua saluni yake saa moja na nusu asubuhi, akavuta droo ya juu, akakuta mashine ya Mzee Bujiku imesimama kwenye namba nne.

Jumamosi aliiacha kwenye tatu. Alikuwa na hakika, kama mtu anavyokuwa na hakika kwamba amefunga mlango wake. Ufunguo wa droo ulikuwa shingoni mwake, kwenye kamba moja na rozari. Ufunguo wa akiba alikuwa nao mkewe, Apolonia, kwenye kopo lake la vifungo, na Apolonia Jumapili nzima alishinda kanisani. Wiliam akairudisha pete kwenye tatu, akasema kwa sauti ingawa hapakuwa na mtu, "Springi imezeeka."

Siku hizi ni wachache wanaozijua mashine za namba. Wembe wa plastiki wa kutupa unauzwa kila duka, na vinyozi wengi wa Geita hawana zaidi ya mashine ya umeme na kitana. Hii ilikuwa ya chuma kizito cheupe, mpini wake urefu wa kidole cha kati. Ukizungusha kitako chake, milango miwili ya juu inafunguka kama mabawa ya kumbikumbi. Unalaza wembe mpya, unafunga. Chini ya kichwa kuna pete yenye namba, moja mpaka tisa, na hiyo pete ndiyo kazi yenyewe. Kwenye moja wembe umejificha, unapapasa tu. Kila unapopanda namba, pete inalia kriki, mdomo unaachama unywele mmoja, na wembe unazidi kutoa meno.

Mzee Bujiku, aliyemfundisha Wiliam kunyoa, aliwapanga watu kwa namba. "Moja ni ya mzee ambaye ngozi yake imekuwa karatasi," alikuwa akisema. "Mbili ya kijana. Tatu ya mtu wa ofisini. Tano ya mchimbaji, maana vumbi la mwamba limeshaingia kwenye mizizi ya ndevu. Sita sijawahi kuhitaji." Saba na kuendelea hakuzitaja kabisa, na ukimwuliza alijifanya hasikii.

Wateja walipomwuliza Wiliam alikoipata, aliwajibu, "Mzee ameniachia." Mkewe alimjibu hivyo hivyo.

Ukweli ulikuwa mwingine. Mzee Bujiku alifariki Februari, akazikwa kwao Mhunze. Wiliam ndiye aliyemnyoa marehemu ndevu za mwisho, na alipomaliza, mjane, Mama Juliana, alimpa ile mashine ikiwa imefungwa kwenye leso nyeupe. "Mwekee kwenye mkono wa kulia," alimwambia. "Alisisitiza sana iende naye." Kisha akatoka kwenda kwa waombolezaji. Wiliam alibaki chumbani na maiti. Akaitazama ile leso. Akafikiria chuma kizuri kama kile kilale kwenye udongo, na yeye arudi Geita kunyoa watu kwa vijiwembe vya mia mbili. Akatoa mashine, akafunga kitana ndani ya leso, akakishikiza kwenye vidole vya mwalimu wake. Vidole vilikuwa vimeshakakamaa. Ilibidi avifunge kimoja kimoja.

Basi, tangu Machi jina lake lilipanda. Madalali wa dhahabu walikuja kutoka Katoro kukalia kiti chake. Taulo la moto, povu zito, halafu ule mkwaruzo mtamu wa namba tatu. Watu walilala kwenye kiti.

Jumanne aliikuta kwenye namba tano.

Siku hiyo alikuja dalali mmoja aitwaye Edson, mtu wa maneno mengi. Wiliam aliishusha pete mpaka tatu mbele ya macho yake mwenyewe, akaitazama mara mbili, akaanza. Alipofika chini ya sikio alisikia kriki, ndogo kama mtu anayekunja kidole, na Edson akaruka. Mkato ulikuwa mrefu kama kucha. Wiliam alinyakua taulo, akabana, akaomba radhi, na alipolitazama taulo lilikuwa jeupe. Akalitazama povu, nalo jeupe. Midomo ya kile kidonda ilikuwa imepauka kama ya samaki aliyeoshwa, na hapakuwa na tone popote, wala shingoni, wala kwenye wembe.

"Umenikata?" Edson aliuliza, akijipapasa.

"Kidogo, bosi. Pole sana."

"Mbona nimesikia kama nimenyonywa?" Akacheka, lakini hakulala tena kwenye kiti, na alipoondoka hakurudi.

Ndipo ilipoanza harufu. Haikuwa harufu ya damu. Ilikuwa ya udongo mbichi wa chini sana, ule unaopandishwa na winchi kutoka kwenye duara, shimo la wachimbaji, kabla haujaona jua, yenye baridi na chuma ndani yake. Ilitoka kwenye droo. Apolonia, ambaye alikuwa fundi cherehani na kibanda chake kilipakana na saluni, aliingia saa sita mchana na gauni jeupe la komunio la binti yao Nelly mkononi, akasimama mlangoni.

"Baba Nelly, kuna bomba limepasuka humu?"

"Hakuna."

"Basi kuna kitu kimekufa."

"Ni dawa mpya ya kusafishia," Wiliam alisema, na huo ukawa uongo wa pili juu ya wa kwanza.

Watu husema majini ni ya usiku. Hili lilifanya kazi saa za kazi. Jumanne hiyo alasiri, wateja wawili wakiwa kwenye benchi wakibishana habari za mpira, jua kali nje na redio ikiimba, Wiliam alisikia ndani ya droo iliyofungwa: kriki. Kimya. Kriki. Wateja hawakugeuka. Alisubiri mpaka wameondoka, akafungua, na pete ilikuwa kwenye saba.

Aliifungua mashine nzima juu ya gazeti. Aliisafisha kwa spiriti na mswaki, akaijaribu springi kwa kibanio. Ilikuwa ngumu kama iliyotoka kiwandani jana. Kuisogeza pete namba moja kulihitaji vidole viwili na nia. Akaiunganisha tena, akaiweka kwenye moja, akaizungushia waya mwembamba mara kumi, akaukaza kwa koleo. Jumatano asubuhi waya ulikuwa vipande vipande ndani ya droo, vimekatwa sawasawa kama nywele, na pete ilikuwa kwenye nane.

Hapo Wiliam alikaa kwenye kiti cha wateja. Alimfikiria Mzee Bujiku. Akafikiria kitana kilichomo kaburini.

Alimwambia Apolonia anakwenda Mhunze kumjulia hali mjane, atarudi Ijumaa. Ilikuwa nusu ya ukweli, na alijiona mwema kwa hiyo nusu. Kabla ya kuondoka aliutoa wembe kwenye mashine, akauvunja, akautupa chooni. Mashine bila wembe ni mpini tu, alijiambia. Akaifunga kwenye droo. Ule ufunguo wa kwenye kopo la vifungo haukumjia akilini hata kidogo. Jumatano mchana alipanda basi, akalala Shinyanga mjini, na Alhamisi saa nne asubuhi alikuwa amesimama nje ya ua wa minyaa wa Mama Juliana.

"Mwangaluka, mayu," alisalimia kwa Kisukuma. "Shikamoo."

"Marahaba, ng'wanone, mwanangu." Mama Juliana alikuwa akipepeta dengu. Alimtazama usoni kwa kitambo, akaweka ungo chini. Hakumkaribisha ndani wala hakumwuliza habari za safari. Aliuliza kwa sauti ndogo, "Uliiweka?"

Wiliam alikuwa amepanga maneno mengi ndani ya basi. Akatikisa kichwa.

Yule mama alikaa chini palepale juu ya udongo, kanga yake ikaangukia kwenye dengu.

"Nilijua," alisema. "Siku ya tatu baada ya mazishi nilijua. Nilisema labda ni uchungu wangu tu."

"Mama, nilikosea. Ile mashine inajigeuza yenyewe. Nisaidie."

"Tulikaa pamoja miaka thelathini na moja. Ulishawahi kumwona mume wangu asubuhi, kabla hajafungua duka?"

"Hapana."

"Kila siku alijikata. Kinyozi bora kuliko wote, na hakuweza kujinyoa bila kujikata, watu wangesema nini? Kwa hiyo alijikata ndani, mlango umefungwa. Chini ya taya, mkato mmoja, namba moja. Aliishikilia mashine pale mpaka imetosheka. Ikila kwake, haili kwa watu. Siku zote ulizomwona ananyoa, alikuwa ameshailisha. Shibe aliyoiachia ndiyo imekwisha sasa."

Akamsimulia. Ujanani Bujiku alichimba huko Nyarugusu. Siku moja, chini kabisa, sururu yake ilitoboa ikaingia kwenye njia ya zamani ambayo hakuna aliyeijua. Ndani palikuwa na mtu ameketi, mifupa mitupu, na mkononi ameshika ile mashine ikiwa inang'aa bila kutu. Bujiku aliichukua. Watatu waliokuwa naye zamu ile walinyolewa nayo wiki hiyo hiyo kwa furaha ya kitu kipya, na hakuna aliyeimaliza wiki.

"Sisi tuna masamva," Mama Juliana alisema. "Ni wazee wetu, tunawajua kwa majina, wakikasirika tunajua tuwape nini. Hili halina jina wala ukoo. Tulimwita mganga mmoja kutoka Tabora, mtu wa dini, akasoma kutwa nzima. Akatuambia ni jini, na halitoki. Linalishwa mpaka mlishaji afe, halafu azikwe nalo kwenye mkono ule ule uliolilisha. Hapo linatulia, linadhani bado liko kwake."

"Basi tulirudishe. Nitachimba mwenyewe."

"Mkono umeshaoza, Wiliam." Alisema bila hasira, na hilo ndilo lililomtisha. "Sasa hivi liko wapi?"

"Geita. Kwenye droo. Nimetoa wembe."

"Wembe ni kitu cha dukani, ng'wanone," mama alisema. "Nani yuko dukani kwako?"

Wiliam alipiga simu. Iliita mara tatu, ikapokelewa, na sauti ya Apolonia ikaja kutoka mbali kidogo, ya furaha, yenye mwangwi.

"Baba Nelly! Ongea tu, nimeweka sauti kubwa, simu iko kwenye rafu. Mikono yangu ina povu."

"Povu la nini?"

"Baba amefika kutoka Chato, amekuja mapema kwa ajili ya komunio. Ana ndevu kama mtume. Nikamwambia hawezi kuingia kanisani na mjukuu wake akiwa hivyo."

Baba yake Apolonia, Mzee Bartholomeo, alikuwa katekista mstaafu, mtu wa mizaha ya taratibu. Sauti yake ilisikika karibu na simu. "Mkwe, mkeo huyu amenishika kidevu kama ameshika mwizi."

"Shikamoo baba," Wiliam alisema kwa mazoea tu, kisha, "Apolonia, unamnyoa na nini?"

"Na mashine ya mzee. Nimeweka wembe mpya, namba moja, kama ulivyonifundisha. Ngozi yake karatasi."

"Iweke chini."

"Nini? Mtandao unakata."

"Iweke chini! Mama Nelly, iweke chini, toka humo ndani na baba!"

Kisha akasikia, kwa umbali wa mikoa miwili, kupitia simu, ile sauti aliyoijua kuliko sauti ya mlango wa nyumba yake: kriki.

"Hii nayo," Apolonia alisema. "Imejisogeza."

"Iachie tu, mke wangu. Fungua vidole, iangushe."

Wiliam alisikia redio ya saluni ikitangaza vifo na mazishi, na mkwaruzo wa wembe kwenye ndevu za mzee, taratibu, mrefu, halafu mwingine, ingawa Apolonia alikuwa ameacha kuongea, na mtu aliyeshangaa haendelei kunyoa.

"Baba Nelly." Sauti yake ilikuwa imeshuka, ya mtu anayeongea karibu na mtoto aliyelala. "Vidole havifunguki."

Kriki.

"Vuta mkono. Mwite mtu. Piga kelele!"

"Mkono haunisikii. Wiliam, mkono wangu haunisikii."

"Polepole, mama," Mzee Bartholomeo alisema, na bado palikuwa na tabasamu ndani ya sauti yake, akimwita binti yake kama alivyomwita tangu utotoni, "polepole hapo, unanikwaruza," na pete ikalia tena, na tena, na Wiliam akawa anapiga kelele kwenye simu katikati ya ua wa watu, akimwambia mkwe wake asimame, akimwambia mkewe ajitupe chini, ajigonge ukutani, auvunje huo mkono kama hapana budi, huku akihesabu bila kutaka, nne, tano, sita, na Mama Juliana akiwa ameziba masikio yake kwa viganja na macho ameyafumba, na kule ng'ambo kiti kikisukumwa, taulo la moto likianguka chwa kwenye sakafu, mzee akianza Salamu Maria kwa sauti ya mtu ambaye sasa ameelewa, akifika umejaa neema, na Apolonia akilia kwa sauti ambayo Wiliam hakuwahi kuisikia kwa mwanadamu, akirudia neno moja tu, baba, baba, baba, mpaka pete ikalia mara ya mwisho na sala ikakatika.

Redio iliendelea. Mtangazaji alisoma jina la marehemu wa Biharamulo na orodha ya wajukuu wake.

"Apolonia," Wiliam alisema.

Alisikia pumzi yake. Halafu, kwa mshangao mtulivu wa mtu aliyepoteza akili kwa muda, alisema, "Hakuna damu, Baba Nelly. Hakuna hata tone. Mbona hakuna damu?"

Wiliam alifika Geita usiku. Saluni ilikuwa imezungushiwa utepe, na mkewe alikuwa kituoni. Alikwenda moja kwa moja mpaka kaunta, akamwambia askari wa zamu, "Niandike mimi. Mimi ndiye niliyemuua."

Mpelelezi aliyeitwa kumsikiliza alikuwa mtu mpole mwenye usingizi machoni. Alimsikiliza mpaka mwisho: kaburi, leso, kitana, namba. Kisha akamwomba atoe vitu vyote mfukoni. Wiliam akatoa simu, chenji, na tiketi mbili za basi zenye tarehe na saa.

"Ulikuwa Mhunze," mpelelezi alisema.

"Nilikuwa Mhunze. Lakini ni mimi."

"Kaka, watu wanne waliingia wakamkuta mkeo na kitu mkononi. Ilibidi daktari amchome sindano ndipo vidole vikafunguka." Akamsogezea tiketi zake. "Nenda kalee mtoto. Hiki ulichonieleza sina fomu ya kukiandikia."

"Basi nisikilize kwa hilo moja tu. Ile mashine isishikwe na mtu. Asiitumie mtu yeyote hapa."

"Imeshafungwa. Bahasha, lakiri, sahihi mbili. Ni kielelezo hicho, hakichezewi."

Jumapili Nelly alipokea komunio kwa gauni lililokuwa na upindo mmoja haujashonwa. Jumatatu walimzika babu yake Chato. Wiliam alisimama nyuma ya umati, na ndugu za mkewe hawakumsogelea. Kaka yake mkubwa Apolonia, George, ndiye pekee aliyemjia, baada ya watu kutawanyika.

"Dada anasema ulikuwa unajua," George alisema.

"Nilijua Jumanne."

"Na ukampigia Alhamisi."

"Ndiyo."

George alikuwa na koleo la kaburi mkononi. "Siku mbili," alisema. "Ungesema neno moja tu. Ungesema, mke wangu, usiguse droo." Akaliacha koleo likaanguka, akaenda zake, na toka siku hiyo hakuna mtu wa ukoo ule aliyemwita Wiliam shemeji.

Apolonia alishtakiwa kwa kuua bila kukusudia. Alikaa mahabusu miezi kumi na minne. Wiliam alikwenda kila ilipowezekana, na kila mara mkewe alikubali kumwona, akauliza habari za Nelly, shule, kikohozi, viatu. Siku Wiliam alipomweleza habari ya kitana, Apolonia alimsikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo ulimfunga vidole maiti," alisema, "ashike kitana." Halafu akamwuliza tena kama viatu vinambana mtoto.

Saluni aliifunga. Alipata kazi kwenye karasha ya kusaga mawe, akawa anarudi nyumbani mweupe kwa vumbi, na ndevu zake akaziachia.

Kesi ilisikilizwa mbele ya jaji mwezi wa Julai. Chumba kilikuwa kimejaa, madirisha wazi, feni moja inazunguka. Wakili wa Serikali alisoma maelezo ya mashahidi, ya daktari, ya mpelelezi. Kisha akaomba kutoa kielelezo. Karani wa stoo ya vielelezo aliapa, akaileta bahasha ya kaki, akaonyesha lakiri nyekundu, haijapasuka, na sahihi mbili juu yake. Jaji alivaa miwani, akaikagua, akaridhika. Karani akachana mdomo wa bahasha kwa mkasi na kuiinamisha juu ya meza.

Hakikuanguka kitu.

Akaitikisa. Akaingiza mkono. Akaipanua na kuichungulia, halafu akamtazama jaji kwa uso wa mtu aliyeingia chumbani mwake akakuta si chake. Na feni ilipozunguka, harufu ikapita juu ya vichwa vya watu, ya udongo wa chini uliotoka kupanda sasa hivi. Wachimbaji waliokuwamo waliinua pua zao wote kwa pamoja; waliijua. Wengine walidhani mvua inakuja.

Wiliam, kwenye benchi la tatu, aligeuka taratibu. Akatazama kidevu cha karani. Akatazama cha mpelelezi, cha wakili, vya askari wawili mlangoni, vya wanaume kwenye mabenchi. Ilikuwa Jumatatu asubuhi na watu walikuwa wamekuja mahakamani. Wote walikuwa wamenyoa.

Wiki mbili baadaye Serikali iliiondoa kesi. Gazeti la mtaani liliandika kwamba ushahidi umepotea, na stoo nzima ya vielelezo ikapekuliwa mpaka chini ya makabati bila kupatikana kitu. Apolonia alitoka getini saa tatu asubuhi na mfuko mmoja wa rambo. Alikuwa amekonda, na mkono wake wa kulia alikuwa ameufunga kwenye ncha ya kanga, kama mtu anayeshikilia mnyama asitoroke. Wiliam alikuwa amemsubiri tangu alfajiri.

"Nelly yuko wapi?"

"Kwa George, Chato. Alisema hapa asije."

"Vizuri." Akaanza kutembea kuelekea stendi, naye akamfuata, hatua moja nyuma. Walikwenda hivyo mpaka kwenye basi la Chato. Kondakta alipokea mfuko wake.

"Mama Nelly," Wiliam alisema. "Mungu amekutoa."

"Si Mungu aliyeitoa ile mashine kwenye bahasha." Aligeuka, akamtazama kwa mara ya kwanza tangu atoke. Sauti yake haikuwa na ukali. Ilikuwa imechoka, na ya chini, kwa sababu stendi ilikuwa imejaa watu. "Unajua nafikiria nini kila nikiamka? Kwamba mimi nimetoka kwa sababu yenyewe imetoka. Iko nje, Wiliam. Mwanamume fulani amekaa mahali sasa hivi, ameinua shingo, anasubiri, na anayemshika kidevu anampenda."

Alipanda, akakaa upande wa dirisha lisilomwelekea. Basi lilirudi nyuma, likapiga honi, likashika njia.

Wiliam alibaki pale. Zamu ya usiku ya mgodini ilikuwa ikishuka kwenye magari, wanaume kwa makumi, wakinyoosha migongo, wakijikuna ndevu za siku nzima, wakiulizana ni nani kati ya vinyozi wa hapa stendi ana mkono mzuri.